Anza na Ila

Mama yangu anaweza kuwa amevunjika mguu, na ukimuuliza habari atakujibu nzuri. Kisha atatulia kidogo, kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka sinia, ndipo alete ile "ila" yake. Nzuri, ila mguu umevunjika. Ndivyo tulivyolelewa Chumbageni, hapa Tanga, na sidhani kama ni Chumbageni peke yake. Nimewahi kumsikia jirani akijibu kwamba nyumbani ni kwema kabisa, ila baba tumemzika juzi. Hakuna aliyeshangaa. Tulimpa pole, tukaendelea.

Nilipokuwa mdogo niliuliza kwa nini tusianze na hilo la msiba. Niliambiwa nina maswali mengi. Nimemaliza chuo kikuu, nimesoma takwimu, nimerudi nyumbani, na bado naambiwa hivyo hivyo.

Tabu ya hospitali ni haraka. Daktari akisikia "nzuri", anaandika. Ile "ila" inafika wakati kalamu imeshatua.

Mama ni mpishi wa shughuli. Ndoa, hitima, maulidi, watu wanamfuata yeye, na wali wa nazi wa mia mbili haujawahi kumshinda. Kifua kilianza kumbana akiwa kwenye mbuzi, anakuna nazi. Ya kwanza ilipita, ya pili ilipita, na kwenye ya tatu au ya nne kitu kikamkaa chini ya mfupa wa kifua, kikapanda hadi kwenye taya. Alishika ukingo wa kile kibao, akakunja vidole vya miguu, jasho likamtoka usoni ilhali jikoni kulikuwa na upepo. Baada ya muda kikaondoka. Akaokota kifuu, akaendelea.

"Mama, nini?"

"Hamna kitu."

Kilirudi wiki ileile, na wiki iliyofuata. Tulikwenda zahanati karibu na Usagara, Mama akasema chembe cha moyo kinamuuma. Kwetu chembe cha moyo si moyo. Ni pale kati, juu ya tumbo, na mtu wa pwani akikitaja unajua anazungumzia chakula kilichomkaa vibaya. Akapewa dawa za vidonda vya tumbo. Nilimuuliza yule daktari: na moyo wenyewe ukiuma, mtu aseme kinauma nini? Alinitazama kama vile nimemuuliza bahari inaanzia wapi.

Baadaye tulimpeleka Dar es Salaam. Walimpitishia mrija mwembamba kutokea kwenye kifundo cha mkono mpaka kwenye mishipa ya moyo, wakapiga picha. Mishipa ilikuwa safi. "Kama ya msichana," daktari alituambia, na alifurahi kweli, nadhani hakuwa amezoea kutoa habari njema. Moyo mzima. Tulirudi Tanga tukicheka. Tulicheka mpaka nazi iliyofuata.

Hapa ndipo Shangazi anapoingia. Shangazi ni dada wa marehemu baba na anaishi nasi. Yeye na Mama ni mawifi, kwa hiyo wana ruhusa ya kutaniana mpaka mmoja alie, na kwa miaka yote niliyowajua hakuna aliyekubali kulia kwanza.

"Moyo wa wifi yangu una macho," Shangazi alisema siku ile, amekaa mlangoni na kikombe chake. "Ukiona nazi unauma. Ukiona pilau limeiva unapona."

"Na mkono wako una masikio," Mama akamjibu, bado anahema. "Ukisikia kazi unaganda."

Nilicheka. Lakini baada ya Dar es Salaam utani ule ulibadilika ladha. Kwanza Shangazi alisema ni husda, watu wanauonea kijicho wali wa Mama. Kisha akasema ni mawazo. Zahanati nako wakasema mawazo. "Vipimo vyote vizuri. Mama apunguze mawazo." Mawazo gani? Ya nini? Yanapimwa kwa kipimo gani? Hakuna aliyekuwa na jibu, na wote walikuwa na uhakika. Mimi huwa sina uhakika na kitu chochote, kwa hiyo watu wenye uhakika hunikosesha usingizi.

Kilichonitisha zaidi ni Mama mwenyewe kuanza kuamini. Aliacha kusema. Alikubali shughuli mbili mfululizo, moja Chumbageni na moja upande wa Pongwe. Nikiingia jikoni namkuta amekaa wima mno, macho yameganda ukutani, vidole vya miguu vimejikunja. Nikiuliza, ananitabasamia. "Mawazo tu, mwanangu. Yatapita." Mtu anaumwa, kisha anafundishwa kwamba haumwi, kisha anajifunza vizuri. Nilikuwa nasubiri siku atakapodondoka juu ya mbuzi na bado tuambiwe moyo ni mzima.

Sikuweza kukaa. Nilizunguka nyumba, nilisoma kwenye simu mpaka macho yakawasha. Nikasoma kwamba moyo una mishipa mikubwa, ile ambayo mrija unaiona, na una mingine midogo kama nywele ndani ya nyama yake, ambayo mrija hauioni. Mikubwa inaweza kuwa safi na midogo ikawa inabana. Nikasoma kwamba wanaoupata ugonjwa huu ni wanawake kwa wingi, na kwamba wengi wao huambiwa hawana kitu. Nilitilia shaka na hilo pia. Kwenye simu mtu anaweza kupata ugonjwa wowote anaoutaka.

Nilimpata daktari wa moyo Mombasa, mwanamke, katika hospitali yenye mashine ya MRI inayoweza kupima kitu hicho. Nilimwandikia maelezo marefu yenye tarehe na idadi ya nazi. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili chao kile cha kuvuta maneno: "Mlete mamako. Na nazi usilete."

Shangazi akasema naye anakwenda. "Wifi yangu hawezi kwenda ugenini na mtoto anayebishana hata na malaika."

Kulikuwa na sharti moja. Siku nzima kabla ya kipimo Mama asiguse chai, kahawa, soda nyeusi wala chokoleti, kwa sababu vinaizuia dawa watakayomchoma. Nilimsomea.

"Asinywe chai?" Shangazi aliuliza. "Basi ashinde na njaa?"

Kwetu chai ni mlo. Ukimwambia mtu njoo tunywe chai unamaanisha mihogo, maharage, vitumbua, na hata kama majani ya chai yamekwisha bado ni chai. Ilinibidi nieleze mara tatu kwamba mihogo imeruhusiwa, kilichokatazwa ni kile kilichomo kikombeni. Asubuhi Mama alikula mihogo kwa maji ya baridi, na uso kama wa mtu aliyetukanwa. Shangazi aligeukia ukutani kunywa chai yake, kwa heshima ya mgonjwa. Tulimsikia akiifyonza mpaka mwisho.

Horohoro, mpakani, kijana wa dirishani akauliza habari zetu. "Nzuri kabisa," Mama alisema. Alikuwa anaumwa kichwa kwa kukosa chai, tulikuwa tunakwenda kupima moyo, na alikuwa ametoka kupanda ngazi tatu akisimama kila ngazi. Nzuri kabisa. Alisahau hata ila.

Daktari alikuwa na umri usionipita sana mimi. Alimwamkia Mama shikamoo, Mama akaitikia marahaba, kisha akamwamkia Shangazi, na Shangazi akamuuliza kwao ni wapi hasa mpaka wakakubaliana kwamba wana jamaa mmoja aliyeoa Vanga. Ndipo tukafika kwenye ugonjwa.

"Nashuku ni mishipa midogo," daktari alisema.

Shangazi alishtuka. "Mshipa? Si maradhi ya wanaume hayo?"

Mama aliziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Pwani nzima mshipa ni ule ugonjwa unaowavimbisha wanaume mahali pasipotajwa mbele ya watoto. Daktari naye alicheka, akalazimika kuweka faili chini.

"Si huo, mama. Huu ni wa moyoni."

"Ungeanza na hilo," Shangazi akasema.

Nilimuuliza swali nililolibeba tangu Tanga. "Mashine itaiona hiyo mishipa midogo?"

"Hapana."

Nilimpenda kwa hapana ile. Alikuwa wa kwanza kuniambia kwamba kuna kitu hakiwezekani. Akaeleza. Wakati wa maji ya mgao, alisema, huwezi kujua kama mabomba ya ndani ya nyumba yameziba kwa kutazama bomba la barabarani. Huwezi kubomoa ukuta. Unachofanya ni kusubiri saa ambayo kila mtu amefungua maji, unapanda ghorofani, unaangalia kama ndoo inajaa. Mashine inaangalia ndoo. Watamchoma Mama dawa inayoufanya moyo ufungue mishipa yake yote kama vile anakuna nazi, kisha watamchoma dawa ya pili inayong'aa kwenye picha. Nyama ya moyo iliyopata damu itang'aa. Isiyopata itabaki nyeusi.

"Kwa hiyo unamtia maumivu kwa makusudi."

"Yakija, ndiyo. Kwa dakika chache. Nitakuwa namtazama muda wote."

"Na yasipokuja?"

"Mwili utuonyeshe dalili yoyote. Mapigo yapande, apate joto, kifua kizito. Tusipoona kitu, tunajiuliza kama dawa imefanya kazi. Kama haikufanya, picha itatoka safi na itakuwa ya uongo. Afadhali nisiipige."

Uongo mwingine safi ndio niliouogopa. Mama angerudi Tanga na picha ya pili ya kusema mzima, na baada ya hapo hata mimi nisingekuwa na pa kwenda.

Kabla ya kuingia ilibidi avue kila chenye chuma, kwa kuwa mashine ile ni sumaku kubwa. Akatoa pini za mtandio, bangili, na kutoka kwapani akatoa hirizi ndogo ya kibati iliyoshonwa kwenye kitambaa cheusi. Nilimtazama Shangazi. Shangazi alikuwa anatazama dari.

"Ni ya safari tu," alisema.

Niliruhusiwa kukaa nyuma ya kioo pamoja na daktari na mpiga picha, kijana mpole mwenye sauti ya mtangazaji. Mama aliingizwa kwenye lile tundu mpaka tukabaki tunaona nyayo zake tu, zenye hina ya harusi ya juzi. Mashine ikaanza kugonga. Nilikuwa nimesoma kwamba ina kelele, lakini kusoma si kusikia. Ilikuwa kama watu wanaezua bati juu ya kichwa chake.

"Mama, vuta pumzi. Toa. Zuia hapo hapo."

Mama alizuia. Mstari wa pumzi kwenye skrini ulilala kabisa. Mtu aliyesoma maulidi tangu utotoni anajua kushika pumzi. "Huyu mama ni hodari," mpiga picha alisema.

Dawa ya kwanza ikaanza kuingia. Daktari alisogea kwenye skrini. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena, mpaka mpiga picha akanisogezea kiti kwa mguu.

Akabonyeza kitufe. "Mama, hujambo?"

"Sijambo, mwanangu. Wewe hujambo?"

"Sijambo, mama. Wajisikiaje?"

"Nzuri tu, alhamdulillahi."

Daktari alikunja uso. "Mapigo yamepanda kidogo mno. Hakunywa chai?"

"Hakunywa."

"Hata kahawa? Hata ya kuonja?"

"Hata ya kunusa. Nilikuwa naye."

"Muulize tena."

"Mama, habari ya kifua?"

"Njema."

Daktari alitazama saa, akatazama dripu. Alisema wataongeza dawa kidogo, na kama bado hakuna kitu watasimamisha. Niliisikia ile sauti ya mtu anayejiandaa kuandika. Ndipo nikaziona nyayo. Vidole vyote kumi vilikuwa vimejikunja kwa nguvu, hina imepotea kwenye mikunjo, kama ninavyoviona kila siku kwenye ubao wa mbuzi.

"Anaumwa," nilisema.

"Amesema njema."

"Mmemwamkia! Mkimwamkia atawajibu hivyo hivyo hata akiwa anakata roho. Naomba niseme naye."

Mpiga picha alimtazama daktari. Daktari aliitikia kwa kichwa. Nilibonyeza kitufe, na sikujua niseme nini. Kila swali la Kiswahili nililolijua la kumuuliza mtu hali yake lilikuwa na jibu lake tayari, na jibu lilikuwa zuri. Hujambo, sijambo. U hali gani, njema. Waonaje, salama. Nikauliza la jikoni.

"Mama. Nazi ya ngapi hii?"

Kelele za mashine zilikuwa zimepumzika na tulisikia pumzi yake kwenye spika.

"Ya nne," alisema. Kisha, kwa sauti niliyokuwa sijaisikia kwake tangu msiba wa baba: "Ya nne inakwisha, mwanangu. Imeshapanda kwenye taya. Ni yayo hayo. Ni yale yale."

Daktari hakusubiri nitafsiri. "Sindano ya pili. Sasa. Mama, zuia pumzi."

Picha ya moyo ilikuwa kijiduara cha kijivu kinachofumba na kufumbua. Mwanga uliingia upande mmoja, ukapotea kwenye mapafu, ukarudi upande wa pili, kisha ukaanza kupenya kwenye nyama yenyewe. Ulipenya kutoka nje kuja ndani. Ukasimama. Kwenye ukingo wa ndani, mzunguko mzima, ilibaki pete nyeusi, nyembamba, kama ukoko ulioshika sufuria. Ilikaa pale pigo baada ya pigo huku sehemu nyingine zote zimeng'aa.

"Simamisha dawa," daktari alisema. "Mama, imekwisha. Itaondoka sasa hivi."

Nyayo zikalegea.

Ningependa kusema nilitulia. Nilimuuliza daktari kama pete ile haiwezi kuwa kivuli tu, kosa la mashine. Alisema inaweza, vivuli vya namna hiyo vipo, na ndiyo sababu watapiga tena akiwa amepumzika. Kivuli cha mashine hakijui mtu anapokuna nazi na anapopumzika. Walisubiri, wakapiga tena. Pete haikuwepo. Nikauliza kuhusu hesabu, kiasi cha damu kilichopita mara ya kwanza na ya pili. Akanionyesha. Damu ilitakiwa iongezeke mara kadhaa pale dawa ilipoingia, na kwa Mama iliongezeka kidogo tu. Niliuliza nani aliamua mpaka wa kawaida uwe pale, walipimwa watu gani, wa pwani walikuwemo?

"Sijui kama walikuwemo," alisema. "Lakini pete umeiona mwenyewe."

Niliiona. Bado naiona.

Mama alikuwa amekaa kitandani na mtandio wake, pini mdomoni, Shangazi anamsaidia kujifunga. Daktari alivuta kiti akakaa chini yake kidogo, ikabidi ainue macho kumtazama.

"Mama, maumivu yako yapo. Nimeyaona. Si mawazo."

Mama alitoa pini mdomoni. "Alhamdulillahi," alisema, na machozi yakamtoka.

"Tazama huyu!" Shangazi alipaza sauti. "Mtu anashukuru kuumwa!" Lakini mkono wake ulikuwa umeganda kwenye bega la Mama. Kisha akamgeukia daktari. "Na nani aliyesema ni mawazo? Mimi nilisema tangu mwanzo, huyu wifi yangu anaumwa."

Mama alicheka huku analia, na kwa hesabu zangu yeye ndiye aliyelia kwanza. Shangazi hakudai ushindi.

Daktari hakutupambia maneno. Alisema kuna dawa, kwamba zinawasaidia wengi na wengine hapana, kwamba watajaribu moja na wakibadilisha tusidhani wamekosea. Presha iangaliwe. Nazi akune mtu mwingine kwa sasa, ila kutembea atembee. Kisha akamwambia jambo moja ambalo sikulitegemea kutoka kwa mtu mwenye mashine ya namna ile.

"Mama, leo nusura nisimamishe kipimo kwa sababu ya adabu yako. Ukienda kwa daktari yeyote, huko kwenu au popote, akikuuliza habari, usianze na nzuri. Anza na ila."

"Nianze na ila," Mama alirudia, kama anayepokea dozi.

Horohoro wakati wa kurudi, kijana mwingine dirishani. "Habari za safari, mama?" Nilimgusa Mama kiwiko. Alinitazama, akamtazama kijana, midomo ikacheza.

"Nzuri," alisema. "Tumshukuru Mungu."

Njia nzima nilinung'unika. Shangazi aliniambia niache, mtu hawezi kumwagia mzigo wake askari wa mpaka ambaye hata jamaa yake hamjui. Nilibisha. Yeye akabisha. Mama alilala.

Sasa Shangazi ndiye anayekuna nazi. Anakuna vibaya, kwa hasira, na vipande vya kifuu vinaingia, na Mama anakaa kwenye kigoda akimsimanga. "Wifi, tui hili au uji wa mchanga?" Dawa zimepunguza ile hali, hazijaimaliza. Siku nyingine inakuja bila nazi, bila kazi, amekaa tu, nami naanza upya kuzunguka nyumba. Sijui kama dawa hii ndiyo. Namwandikia daktari Mombasa, ananijibu, namwandikia tena.

Lakini ilibidi arudi zahanati ile ile karibu na Usagara kupima presha, na aliyekuwepo ni daktari yule yule wa mawazo. Nilikuwa nimebeba picha kwenye bahasha kubwa na hotuba kichwani. Alimkaribisha Mama, akafungua faili, akashika kalamu.

"Habari, mama?"

Mama alikaa wima. Aliweka mikono juu ya magoti kama mtoto wa chuo cha Kurani anayesomeshwa.

"Ila kifua kinanibana," alisema.

Daktari alisubiri. Aliinua macho. "Ila?"

"Ila kinanibana. Kinaanza hapa, kinapanda hapa. Na si chembe cha moyo. Ni moyo."

Yule bwana alinitazama mimi, nami kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuwa na swali. Akamgeukia Mama tena. Kalamu ilikuwa bado hewani.